Kivuli cha Mkarafuu Mchanga

Watu wa Pemba, wakutanapo barazani baada ya sala ya alasiri na mazungumzo yao yakaangukia karafuu, aghalabu hushughulika na mambo mawili tu, nayo ni mavuno na bei. Ataulizwa mtu kama mwaka huu mikarafuu yake imezaa au imepumzika, mchumaji amelipwa kiasi gani kwa pishi, makonyo yameuzwa au yangali ghalani, na kama jua la kuanikia limepatikana kabla ya mvua za vuli. Lakini ni nadra sana kumsikia mtu akimwuliza mwenziwe miche aliyoipanda masika yaliyopita imepitaje katika kiangazi. Mimi, ambaye ujana wangu niliuanzia kitaluni, na ambaye sehemu kubwa ya umri wangu imepita baina ya makuti ya kuezekea na ndoo za kumwagilia, naona kuwa swali hilo lisiloulizwa ndilo lililo kubwa kuliko yote, kwa kuwa mkarafuu uliokwisha kuvuka miaka yake michache ya mwanzo huweza kumtumikia mtu, na mwanawe, na mjukuu wake, ilhali ule ulioungua katika kaskazi yake ya kwanza haukumtumikia hata aliyeupanda.

Mti huu si mzalia wa visiwa vyetu. Asili yake ni Maluku, visiwa vya milima ya moto vilivyo mashariki ya Indonesia, kama vile Ternate, Tidore na Makian, ambako mvua hunyesha takriban miezi yote ya mwaka, na ambako mbegu ikidondoka huota papo hapo chini ya matawi ya mti ulioizaa, ndani ya majani yaliyooza, katika kivuli kisichokatika. Wafaransa waliutoa huko katika karne ya 18 wakaupanda katika kisiwa cha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaingia Unguja, ambako Sayyid Said bin Sultan aliona faida yake akawahimiza watu waupande. Kisha kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu wakati huo kisiwa chetu ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi. Siyataji haya kwa ajili ya tarehe, maana hayo yamekwisha kuandikwa na wajuzi kunishinda. Nayataja kwa sababu yanaeleza taabu yetu yote. Mti umetolewa katika nchi ya mvua ya daima ukaletwa katika nchi yenye kiangazi cha kaskazi, kuanzia Januari mpaka masika yanapoingia, wakati ambapo hewa huwa kavu, upepo hauna huruma, na jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi. Mkarafuu mzima huvumilia hayo kwa wingi wa mizizi yake na kwa kivuli unachojitilia wenyewe. Mche haunacho kimoja katika hivyo viwili.

Kitalu nilichofanyia kazi kilikuwa katika vilima vya upande wa magharibi wa kisiwa, katika njia ya kwendea Wete, mahali penye udongo wa kina na mabonde yasiyokauka upesi. Mkuu wetu alikuwa mzee ambaye kila baada ya magharibi alisomesha watoto Kurani, na kwa hivyo sote tulimwita Maalim, hata mbele ya mabwana waliokuja kukagua. Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakupenda kuulizwa jambo ambalo mtu angeweza kulijua kwa kutumia mkono wake mwenyewe. Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa kupanda wala kumwagilia. Ilikuwa kuezeka, na juu ya kuezeka huko nilijifunza mambo ambayo, kwa macho ya mpita njia, yangeonekana kuwa ni paa la makuti tu.

Paa lile liliwekwa juu, hata mtu mrefu aliweza kusimama chini yake bila ya kuinama, kwa kuwa paa lililo chini hushika fukuto, na hewa ya moto isiyokuwa na pa kutokea huutesa mche hata kama jua lenyewe halikuufikia. Makuti yalilazwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na baina ya kuti na kuti ikaachwa nafasi ndogo, ili mistari ya jua ipitayo katika nafasi zile isisimame juu ya mche mmoja kutwa nzima, bali itembee kwa kadiri jua linavyotoka mashariki kwenda magharibi, kila mche ukapata sehemu yake ya mwanga na sehemu yake ya kivuli. Upande wa magharibi uliteremshwa ukuta wa makuti mpaka karibu na ardhi, na upande wa mashariki ukaachwa wazi. Maana jua la asubuhi hulikuta jani bado lina maji na hewa bado ina ubaridi wa usiku, ama jua la alasiri hulikuta jani limekwisha kuchoka na ardhi imekwisha kupata moto, na ingawa macho ya binadamu huyaona majua hayo mawili kuwa ni sawa, mche hauyaoni hivyo. Upande unaokabili upepo wa kaskazi tulijenga ua wa kuzuia upepo, usiozibwa sana, kwa sababu upepo mkavu hunyonya maji ya majani hata penye kivuli.

Hayo yote yalihusu majani, nami kwa muda mrefu nilidhani kuwa majani ndiyo yenye kuungua na kwamba aliyeyakinga amekwisha kuukinga mche. Aliyenitoa katika dhana hiyo si Maalim bali ni kipimajoto. Mwalimu mmoja wa skuli ya jirani alikuwa nacho, akaniazima wakati wa likizo, nami nikakitia katika udongo mtupu ulioachwa juani nje ya kitalu, saa saba mchana, siku ya kaskazi iliyo kali. Hewa ya kivulini ilikuwa na nyuzi 32, na udongo ule wa juu ulipita nyuzi 50. Nikakitia chini ya makumbi ya nazi yaliyotandazwa hatua chache kutoka hapo, nikakuta udongo ule ule, wa shamba lile lile, uko chini sana ya hapo, na mkono ukiutia unahisi unyevu. Tangu siku ile nimekuwa na rai moja ambayo sijaiacha: joto huuua mche kwa chini zaidi kuliko linavyouua kwa juu.

Naomba msomaji anistahamilie nieleze jinsi jambo hili linavyokwenda, kwa kuwa asiyejua sababu huiga dawa asipate faida yake. Jani hujipoza kwa kutoa mvuke katika vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho, ambavyo aghalabu viko upande wake wa chini. Maji yanayogeuka mvuke hapo huondoka pamoja na joto, na muda ambao mizizi inaleta maji ya kutosha, jani lililo juani halizidi sana joto la hewa iliyolizunguka. Mizizi ikishindwa kuleta, ama kwa sababu udongo umekauka, ama kwa sababu yenyewe imeungua, mche hufunga vitundu vile ili usikauke. Na hapo hupata salama moja ikageuka kuwa madhara mawili, kwani jani lililofunga vitundu haliwezi tena kujipoza, likawa na joto kuliko hewa yenyewe, na pia haliwezi kuvuta ile hewa linayoitumia kutengenezea chakula. Wakati huo huo, joto huzidisha matumizi ya chakula kilichowekwa akiba ndani ya shina na mizizi, maana mche hupumua mchana na usiku, na kadiri hari inavyozidi ndivyo unavyopumua kwa wingi. Basi mche wa kiangazi hutumia usichokipata, na mtu hushangaa kuuona umesimama mwezi mzima bila ya kuchipua wala kufa.

Hili la mizizi lilinidhihirikia zaidi tulipoanza kutumia mifuko myeusi ya plastiki badala ya vikapu vya ukindu na makumbi ya nazi. Mifuko ile ina faida zake, ni mepesi na haiozi, lakini safu ya mwisho ya upande wa magharibi, inayopigwa na jua la alasiri ubavuni, ilikuwa haikui sawa na safu za kati, ingawa maji yalikuwa ni hayo hayo na mbegu ni hizo hizo. Tulipoipasua baadhi ya mifuko ile tuliona mizizi imejaa upande wa mashariki tu. Upande wa pili ilikuwa imekauka na kuwa myeusi, kwa kuwa mfuko ule mweusi ulikuwa umepata moto kama chungu kilichoinjikwa. Maalim hakutaka mifuko itupwe. Aliamuru safu za pembeni zifukiwe kwa udongo mpaka shingoni, na pasipokuwa na udongo zizungushiwe maganda ya migomba, na safu zile zikapona, zikachipua pamoja na nyingine.

Na kuna shingo ya mche wenyewe, yaani pale shina linapogusana na ardhi. Mche mchanga wa mkarafuu una ganda laini mahali pale, na udongo mtupu uliopata moto wa mchana huuunguza ukatokea mduara wa kahawia ulioingia ndani, kisha baada ya siku chache mche huinama na kuanguka, na mwenye shamba husema wadudu wameukata. Nimeitwa katika mashamba mengi kwenda kuwaona wadudu hao, na katika mengi sikumwona mdudu ila ardhi iliyofagiliwa ikawa safi kabisa, kwa dhana kwamba usafi ndio utunzaji. Kufagia ni sifa njema ya ua wa nyumba. Shambani, chini ya mche, takataka za majani ndizo blanketi lake na ndizo mwavuli wake, na anayeziondoa huuacha wazi mbele ya jua.

Katika kutambua dalili pia kuna makosa ambayo nimeyaona kwa watu wenye nia njema. Chipukizi la mkarafuu huwa jekundu kwa asili, rangi ya kupendeza iliyo baina ya waridi na shaba, na wageni wengi wakiliona hudhani linaungua, wakakimbilia kuongeza kivuli. Walakini hiyo ni rangi ya ujana, na hugeuka kijani yenyewe. Jani lililoungua huanza kupauka mahali jua linapolipiga moja kwa moja, doa lile likawa jeupe-jeupe au la manjano, kisha likawa la kahawia na kukauka, na kingo za jani zikajikunja. Na majani yaliyofunikwa na mengine hubaki salama. Ukiona kupauka kuko chini na juu, kivulini na juani, basi sababu si jua, itafute kwingine.

Ama maji, juu yake ndipo nilipopata somo ambalo nimelirudia kwa vijana wote waliofanya kazi nami. Adhuhuri moja ya Februari niliikuta miche ya mwaka wa kwanza imelegeza majani yote, imeinamisha vichwa, nikamwendea Maalim mbio.

"Maalim," nilimwambia, "miche inakufa, na maji kisimani yamejaa. Niruhusu niimwagilie sasa hivi."

"Umeushika udongo, mwanangu?" aliniuliza.

Nikasema bado. Akaniambia niende nikatie kidole kwanza, kisha nirudi. Nilipotia kidole nikakuta udongo umelowa, maana tulikuwa tumemwagilia alfajiri, nami nikarudi nikamweleza.

"Basi unataka kuupa nini usichokuwa nacho?" akasema. "Ngoja magharibi, kisha uitazame. Na kesho uitazame kabla ya jua kutoka, kwani wakati huo mche hausemi uwongo."

Magharibi ilipoingia majani yalikuwa yamesimama tena. Mizizi ilikuwa na maji, lakini jani katika saa zile lilikuwa linatoa kwa haraka kuliko mizizi inavyoleta, na dawa yake ilikuwa kupunguza jua, si kuongeza maji. Lau ningaliumwagia mche ule maji mengine juu ya udongo uliokwisha kulowa na kupata joto, ningaliikosesha mizizi hewa. Kwa kuwa maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko maji baridi, na mzizi wenye joto huhitaji hewa zaidi, kwa hivyo mche uliokwisha dhoofika kwa jua huoza kwa huruma ya anayeupenda. Mche unaoonekana umelegea alfajiri, baada ya usiku mzima wa kupumzika, huo ndio wenye kiu ya kweli, na huo upewe maji ya kutosha kufika chini ya mizizi, si ya kurashia juu tu. Na yeyote anayetumia mpira wa maji ulioachwa juani aumwage kwanza maji yaliyolala ndani yake, kwani hayo huwa ya kuunguza mkono. Fauka ya hayo, mbolea ya chumvichumvi isitiwe katika siku za hari kali, maana chumvi ikizidi katika udongo hushindana na mizizi katika maji yale machache.

Linalobaki ni kuutoa mche kivulini, na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko zote, wala si hasara ya lazima. Jani lililokulia kivulini ni jembamba, pana, limeumbwa kwa mwanga mdogo. Halitageuka kuwa jani la juani hata ukilisubiri mwaka. Kinachowezekana ni kuupa mche nafasi ya kuchipua majani mapya ilhali mwanga unazidi kidogo kidogo, ili majani hayo mapya yazaliwe manene na magumu, yenye kulijua jua. Kwa hivyo katika miezi iliyotangulia masika Maalim alikuwa akiondoa makuti ya paa moja moja, kwanza yale ya upande wa mashariki, kisha ya katikati, akiacha yale ya magharibi mpaka mwisho, na kila alipoondoa alingoja aone chipukizi jipya limekomaa kabla ya kuondoa jingine. Hakuhesabu siku. Mche wenyewe ndio uliompa idhini.

Mwaka mmoja, baada ya mimi kuondoka kitaluni pale, niliona kinyume cha tadbiri hiyo. Gari la miche lilifika kijijini kwetu mvua zikiwa zimekwisha pita, miche imetolewa moja kwa moja chini ya neti nzito, mirefu, myembamba, ya kijani kibichi cha kuvutia macho, nayo ikagawiwa bure kwa kila aliyenyosha mkono. Watu walifurahi, na wana haki ya kufurahi, maana mche ni mali. Waliipanda siku ile ile katika mashamba yaliyo wazi, wengine katika udongo wa kichanga usioshika maji, na hakuna aliyewaambia neno juu ya kivuli. Kabla ya kaskazi kumalizika nilipita katika mashamba yale nikaona vijiti. Waliolileta gari siwataji, kwa kuwa nia yao ilikuwa njema na hesabu zao za miche iliyogawiwa zilikuwa sahihi. Lakini mche uliogawiwa na mche uliosimama ni vitu viwili mbalimbali, na anayehesabu cha kwanza peke yake hajahesabu karafuu.

Shambani kivuli hutangulia mche. Mtu anayetaka kupanda karafuu katika masika fulani yampasa awe amekwisha panda migomba, mihogo au mbaazi katika masika ya nyuma yake, na hasa upande wa magharibi wa kila shimo, ili mche ukifika ukute kuna kitu kirefu kuliko wenyewe kilichosimama baina yake na jua la alasiri. Asiyekuwa na hivyo achomeke makuti mawili matatu yaliyoinamia juu ya mche, nayo yatadumu kiangazi kimoja, na kiangazi kimoja ndicho kinachohitajika zaidi. Kisha atandaze nyasi kavu, majani ya migomba au makumbi, yafunike ardhi kwa upana kupita matawi ya mche, ila yasiliguse shina. Aache nafasi ya kiganja cha mkono, kwa sababu mchwa wetu wa Pemba hupenda kupanda kwa njia hiyo. Na jembe likae mbali wakati wa kiangazi. Mizizi ya mkarafuu inayonyonya maji hukaa karibu sana na uso wa ardhi, na anayepalilia kwa kina katika mwezi wa Februari huikata mizizi wakati unapohitajiwa kila uzi wake.

Sisemi kwamba kivuli kizidi. Nimeona mikarafuu iliyosahauliwa chini ya migomba mizee ikanyoka kwenda juu kutafuta mwanga, haina matawi, na mgomba nao hunywa maji mengi ambayo mche ungeyataka. Kwa hivyo baada ya masika ya pili mwenye shamba aanze kupunguza, kwa utaratibu ule ule wa kitaluni, mpaka mti ujitegemee. Kivuli ni cha utotoni tu. Lakini kuanzia siku mbegu inapomenywa, na mbegu yenyewe ya mkarafuu haina subira, kwani iliyokwisha menywa ikiachwa ikauke kwa juma moja haioti, mpaka mti utakapofunika ardhi yake kwa matawi yake, kila hatua inamtaka mtu alifikirie jua kabla ya kulifikiria lolote jingine.

Mvua za vuli miaka hii zimekuwa hazina ahadi, na kaskazi imekuwa ndefu machoni pa wakulima wengi ninaokutana nao. Kwa sababu hiyo nawaomba wanaogawa miche waitoe mwanzoni mwa masika na si baada yake, wasimpe mtu mche ambao haujazoezwa jua, na wamwulize kwanza, "Kivuli umekwisha kupanda?" Nawe ndugu yangu unayekusudia kupanda karafuu masika yajayo, panda migomba yako sasa, kusanya makumbi yako sasa, na utakapokwenda kitaluni chukua miche kwa idadi ya vivuli vilivyosimama shambani mwako, usizidishe hata mmoja.